Uttarakhand kwa kasia na kwa miguu: uzoefu wangu kutoka Rishikesh hadi Tungnath

Kwa anayetaka kupiga kasia kwenye mto Ganga na pia kuyafikia mahekalu ya milimani kwa safari moja, wakati wa kwenda Uttarakhand ni kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Oktoba. Natangulia na hili kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote. Julai na Agosti mvua za monsuni hujaza mto, shughuli za boti husimamishwa, na barabara za milimani hukatwa na maporomoko ya udongo. Novemba ikiingia, mahekalu ya juu hufungwa mpaka Aprili au Mei kwa sababu ya theluji. Mei na Juni kila kitu kiko wazi, lakini ndiyo miezi ambayo familia nyingi za India ziko likizoni, na foleni ya magari hutambaa kutwa nzima. Oktoba niliyoenda mimi, mvua ilikuwa imeshaosha vumbi hewani. Milima ilionekana tangu alfajiri, na maji ya mto yalikuwa yamepungua na kuanza kugeuka kijani.

Uttarakhand ni jimbo la kaskazini mwa India, lililomegwa kutoka Uttar Pradesh mwaka 2000. Kaskazini linapakana na Tibet, mashariki na Nepal. Lina pande mbili, Garhwal na Kumaon. Safari yangu yote ilikuwa Garhwal, upande wa magharibi. Mawakala niliozungumza nao Delhi walikuwa wanauza michezo na mahekalu kama mambo mawili yasiyojuana: nusu siku ya boti, kisha helikopta mpaka mlangoni mwa hekalu, picha, na kurudi. Nilikataa mpango huo nikajipangia wangu: kuanzia chini mtoni na kupanda nao taratibu. Naupendekeza kwa moyo wote. Maji yanayokuchapa usoni Rishikesh yanatoka kwenye mabonde ya mahekalu hayo hayo, na anayeufuata mto kutoka chini kwenda juu huelewa kwa nini watu wanauita mama.

Rishikesh iko kilomita 240 hivi kutoka Delhi, mahali ambapo Ganga inatoka milimani na kuingia tambarare. Ni mji wa ibada: hawauzi nyama wala pombe, na hoteli nilizokula zilikuwa na dengu, mboga, wali na chapati nzuri sana. Jioni niliteremka Triveni Ghat kwa ajili ya aarti, ibada ya taa kwa mto. Makuhani husimama kwenye ngazi wakizungusha taa kubwa za shaba zenye ndimi nyingi za moto, kengele zinalia mfululizo, na watu wanaachilia majini visahani vya majani vyenye maua na utambi unaowaka. Hakuna kiingilio. Ukifika mapema unapata nafasi ya kukaa kwenye ngazi za mbele. Weka simu mfukoni angalau nusu ya muda; aliyekaa karibu yako amekuja kuomba.

Sasa boti. Safari za mtoni huuzwa kulingana na mahali pa kuanzia. Brahmapuri ni ya karibu, kilomita 9 hivi, inafaa familia na wasiojiamini. Shivpuri ni kilomita 16, na ndiyo wengi wanayoichukua. Marine Drive ni kama kilomita 24, na Kaudiyala, mbali zaidi, ni kama 36 na ina mporomoko (sehemu ambayo mto unashuka kwa kasi kati ya mawe) uitwao The Wall ambao si wa kujaribiwa na mgeni wa mchezo huu. Nilichagua Marine Drive, nikalipa rupia 1,500 pamoja na usafiri wa gari wa kupanda hadi pale. Nimewahi kupiga kasia Sagana, kwenye mto Tana, na Jinja kwenye Nile, kwa hiyo nilijua ninachokitafuta.

Nahodha wetu alinipa imani kabla hatujagusa maji. Alipita kwa kila mtu, akashika jaketi la kuokolea mabegani na kulivuta juu kwa nguvu zake zote. Likipanda na kukaribia masikio, anakaza mikanda upya. Langu alilikaza mara ya pili mpaka nikahisi mbavu. Akatufundisha amri zake: mbele, nyuma, simama, na ile ya kujitupa chini ndani ya boti ukiwa umeshika kamba. Akaturudisha ufukweni kurudia mpaka tukaenda pamoja. Kijana mwingine alikuwa kwenye kayaki, kiboti chembamba cha mtu mmoja, na kazi yake ilikuwa kutangulia kila mporomoko, kusubiri chini yake, na kumwokota atakayeanguka. Hilo ni swali la kwanza la kuuliza kabla ya kulipa: kuna kayaki ya uokoaji? Kama jibu linazunguka-zunguka, ondoka.

Kisha nahodha akainama, akachota maji kwa kiganja, akajimwagia utosini, akanyunyizia na pua ya boti, akasema "Jai Ganga Maiya," yaani utukuzwe, Mama Ganga. Wahindi waliokuwa nami botini wakaitikia kwa sauti moja. Alikuwa mtu wa kazi, misuli ya mabega imejaa, na dua yake ilikuwa fupi na ya kweli. Nami niligusa maji.

Mporomoko wa kwanza wa maana ni Three Blind Mice: mawimbi matatu yanayofuatana, hujamaliza kumeza maji ya la kwanza la pili limekupiga. Baada ya Shivpuri huja Return to Sender, Roller Coaster, halafu Golf Course, ambao kwangu ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote ya siku hiyo. Pale mto unabanwa, unashuka, na katikati yake kuna shimo la maji ambalo boti huingia kwa pua na kusimama karibu wima kabla ya kutokezea upande wa pili. Amri ni moja tu: endelea kupiga kasia hata kama kasia linapiga hewa. Wanaoacha kupiga ndio wanaorushwa nje. Maji ni baridi ya barafu iliyoyeyuka, na mwili uliozoea Nile unashtuka. Nile ya Jinja ina maji mengi zaidi na mawimbi mapana. Ganga hapa ni nyembamba, yenye mawe, na inadai akili zaidi ya nguvu. Kati ya mporomoko na mporomoko kuna vidimbwi virefu vya utulivu, nyani wakitazama kutoka kwenye miamba, na nahodha anakuruhusu kuingia majini na kuelea ukiwa umeshika kamba ya boti.

Kilichonikera ni kamera. Baadhi ya manahodha wa boti nyingine walikuwa wanapiga video za abiria ili kuwauzia mwishoni, na mmoja nilimwona akigeuka nyuma kurekebisha kamera wakati boti imeshaanza kuingia kwenye mawimbi. Abiria wake walipita salama, lakini mikono ya nahodha ni ya kasia. Ukipanga safari yako, sema mapema kwamba video huitaki, au akodiwe mtu mwingine wa kuipiga kutoka ufukweni.

Kwa wapenda kuruka, kuna jukwaa la banji, la kujirusha ukiwa umefungwa kamba inayonyumbulika, la mita 83 huko Mohan Chatti, nje ya mji. Mimi roho yangu iko kwenye maji, sikuruka.

Kutoka Rishikesh barabara inaufuata mto juu hadi Devprayag, mwendo wa kilomita 70 hivi. Watu wengi hupita bila kusimama, na ni hasara kubwa. Hapa ndipo Bhagirathi na Alaknanda zinapokutana, na kuanzia hapa tu ndipo mto unaitwa Ganga. Siku niliyofika mmoja ulikuwa wa kijani na mwingine wa rangi ya majivu, na mstari kati yao ulionekana wazi kwa umbali mrefu kabla maji hayajachanganyika. Ngazi zinashuka mpaka kwenye ncha ya makutano, na kwenye ngazi za mwisho kumefungwa minyororo ya chuma kwa ajili ya wanaooga, maana mkondo unavuta mtu. Nilimtazama mama mmoja mzee akishuka, mkono mmoja kwenye mnyororo, mwingine umeshikwa na mjukuu wake. Akajitumbukiza mara tatu, akatoka anatetemeka na anacheka, akajaza chupa ya plastiki ya kupeleka nyumbani. Maji yale yale, makumi ya kilomita chini, yalikuwa yamenirusha huku na huko. Juu ya makutano liko hekalu la Raghunath, la mungu Ram, na miti na nyumba zimelizunguka kiasi kwamba lazima uulize njia.

Makutano ya aina hii yako matano kwenye Alaknanda, na yote ni matakatifu: Vishnuprayag, Nandprayag, Karnaprayag, Rudraprayag na Devprayag. Mimi natoka Nyeri, Kenya, kwa hiyo Rudraprayag ilikuwa na maana ya ziada. Mwindaji Jim Corbett, aliyezikwa Nyeri mwaka 1955 kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's, ndiye aliyemuua hapa chui mla watu mwaka 1926. Chui yule alihesabiwa kuua watu 125, na njia aliyoiwinda ilikuwa njia hii hii ya mahujaji, walipokuwa wanalala kwenye vibanda vya kando ya barabara. Pale Gulabrai, pembeni ya mji, pana kumbukumbu ya mahali chui alipoangukia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikiwazia watu waliotembea wiki nzima kwenda kuomba huku wakijua kuna kitu gizani.

Rudraprayag ndipo njia zinapoachana. Ukifuata Alaknanda unakwenda Badrinath, hekalu la mungu Vishnu. Ukifuata Mandakini unakwenda Kedarnath, la mungu Shiva. Nilifuata Mandakini.

Kedarnath iko mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, na gari linaishia Gaurikund, karibu mita 2,000. Zilizobaki ni kilomita kama 16 za kupanda. Kwa wanaojua mlima Kenya: unalala juu kuliko kambi ya Old Moses baada ya kuamka chini sana siku hiyo hiyo. Nilipanda polepole, nikinywa maji na kupumzika kwenye vibanda vya chai, na bado usiku kichwa kiliniuma. Niliwaona vijana wenye afya waliopanda mbio wakitapika kwenye mlango wa hema. Mwili haudanganywi kwa helikopta pia. Anayeshushwa juu ghafla hana hata ule muda mdogo wa kuzoea, na helikopta zimeshaanguka zaidi ya mara moja kwenye bonde hili ambalo ukungu hufunga kwa dakika chache. Kuna nyumbu na farasi wadogo wa kukodi, wengi wamechoka na kubebeshwa kupita kiasi. Mwenye miguu mizima atembee.

Juni 2013 mafuriko yaliteremka kutoka ziwa dogo lililo juu ya hekalu, yakafagia mji na kuua maelfu ya watu katika jimbo. Hekalu lilibaki. Jiwe kubwa mno lililobingirika na maji lilikwama nyuma yake na kuyagawa maji pande mbili. Sasa wanaliita Bhim Shila, nalo huguswa na kusujudiwa. Nilikuwa nimeliona pichani, lakini picha haikuandai kwa jinsi lilivyokaa karibu na ukuta, hatua chache tu. Mzee mmoja alikuwa ameliegemeza paji la uso na hakuinuka kwa muda. Sikujua alikuwa amempoteza nani.

Foleni ya kuingia ilikuwa ndefu na ya subira. Kedarnath inataka usajili wa safari kabla, ambao nilipoenda ulikuwa bure na hufanyika mtandaoni au kwenye madawati ya Haridwar na Rishikesh.  Mgeni asiye Mhindu, kama mimi, aulize mlangoni kwa adabu kuhusu utaratibu wa kuingia, na akubali atakachojibiwa. Viatu unaviacha nje, na jiwe la uani ni baridi ya kuumiza nyayo, kwa hiyo vaa soksi nzito za sufi.

Niseme wazi, hata hivyo, kwamba mahali nilipopapenda kuliko pote si Kedarnath. Ni Tungnath.

Hadithi inayounganisha mahekalu haya ni ya ndugu watano wa ukoo wa Pandava. Baada ya vita vya kuwaua jamaa zao wenyewe walimtafuta Shiva wamwombe msamaha. Shiva akajigeuza fahali na kuzama ardhini. Nundu ikatokeza Kedarnath, mikono Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, na nywele Kalpeshwar. Mahekalu hayo matano ndiyo Panch Kedar. Kwenye mabasi na vibandani nilisimuliwa hadithi hii na watu tofauti, kila mmoja kwa uhakika wa mtu anayeeleza mambo ya kijijini kwao.

Unafika Tungnath kupitia Ukhimath, ambako mungu wa Kedarnath huteremshwa kukaa majira ya baridi, kisha Chopta, malisho ya milimani katikati ya msitu wa miti ya buransh inayotoa maua mekundu Machi na Aprili. Kutoka Chopta njia imetandikwa mawe, kilomita kama tatu na nusu za kupanda kwa kujikunja. Mtu yeyote mwenye pumzi za kawaida anaiweza. Hekalu linatajwa kuwa la Shiva lililo juu kuliko yote duniani, takriban mita 3,680, na ni dogo: mnara wa mawe ya kijivu, Nandi, fahali wa Shiva, wa jiwe akiutazama mlango, na kengele ambayo kila anayeingia huigonga. Kuhani ni mtu wa kijiji cha Makku, bonde la chini, na theluji ikikaribia watu wa huko ndio wanaompeleka mungu wao Makku mpaka msimu ufunguke. Alinipaka alama ya kumkumu, unga mwekundu wa ibada, kwenye paji la uso, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Kenya, akauliza kama na sisi tuna mlima wenye theluji. Nikamwambia tunao, na kwamba wazee wetu walikuwa wanauelekea wakiomba, kwa kuwa Ngai anakaa kule juu. Hakushangaa hata kidogo. Alitikisa kichwa kukubali, akanipa kipande cha sukari ya mawe iliyobarikiwa.

Kutoka hekaluni ni kama kilomita moja na nusu kali hadi kilele cha Chandrashila, karibu mita 4,000. Ondoka Chopta saa kumi za usiku na tochi ya kichwani ili ufike kabla ya jua, na uvae kwa ajili ya upepo. Kilele kinapopata mwanga unaona Chaukhamba yenye vichwa vinne, mita 7,138, kisha Trishul, na mbali mashariki Nanda Devi, mita 7,816. Kwa Mkenya mpanda milima Nanda Devi si jina geni. Wapanda milima Eric Shipton na Bill Tilman walijuana Kenya, wakapanda mlima Kenya pamoja mwaka 1930, na mwaka 1934 wakawa wa kwanza kupenya korongo la Rishi Ganga na kuingia kwenye bonde lililofungwa chini ya Nanda Devi. Kambi ya Shipton tunayolala tukienda Point Lenana, kilele cha mlima Kenya, ni ya huyo huyo. Sikuwa na wa kumweleza pale juu, nikalitazama tu lile pembe la barafu likibadilika kutoka waridi kuwa jeupe.

Ukirudi Chopta omba roti, mkate bapa, ya mandua. Ni wimbi, zao lililotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kuvuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Huipika nene, juu ya makaa, na kuipaka samli; na dengu za gahat pembeni, sijala chakula kilichonipasha moto vile.

Auli, ya kuteleza kwenye theluji, ni safari ya Januari na Februari, na njia yake inapita Joshimath, mji ambao ardhi yake ilianza kudidimia na kupasua nyumba mwanzoni mwa 2023. Anayepanga kwenda huko aulize hali ya kigari cha kamba cha kupanda Auli kabla ya kulipia hoteli yoyote.

Boti za Rishikesh nazipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeizuia kwa sababu ya kamera. Tungnath na Chandrashila tano. Kedarnath nne, kwa sababu ya wanyama wale njiani.

Mambo ya kushika mkononi: Mkenya anapata viza ya India kwa mtandao, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa uwanja wa ndege. Toa pesa taslimu Rishikesh au Rudraprayag, kwani juu ya hapo mashine ni chache na hukauka. Acha angalau siku moja tupu kwenye ratiba kwa ajili ya barabara, maana jiwe moja likianguka basi zima linasubiri tingatinga. Mabasi ya milimani huondoka Rishikesh alfajiri na magari hayaruhusiwi kupanda usiku. Ukitua Delhi mchana, lala Rishikesh, ukate tiketi jioni hiyo hiyo, na uombe kiti cha upande wa kulia, ambako mto unaonekana sehemu kubwa ya njia.